Doa Jeupe kwenye Picha za Mheshimiwa

Hakuna mtu aliyewahi kutoka studio ya Cheka Kidogo na sura mbaya. Ungeingia na chunusi kumi, ungetoka na picha ya mtu asiyejua chunusi ni kitu gani. Wenye vipara waliongezewa kivuli cha nywele, waliolala walifumbuliwa macho, na bwana mmoja aliyepiga picha ya kitambulisho alisafishwa sura hadi afisa wa dirishani akamwambia aende akamlete mwenye picha. Jina la Cheka Kidogo alipewa na wateja, kwa sababu ndilo neno lake. Unakaa kwenye kiti, anawasha taa zake tatu, anakuambia inua kidevu, cheka kidogo, na kabla hujajua ucheke nini, umeshapigwa.

Mteja wake mkubwa kuliko wote alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Huyo alikuwa binti yake wa pekee, na mtaa mzima ulimwita Mheshimiwa, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kuomba kitu. Aliagiza. "Fungua mlango." "Kaa hapa." "Wewe, nyamaza, mimi naongea." Baba mtu alimpenda hadi ikawa aibu. Kila mwezi, tarehe ileile aliyozaliwa, alimkalisha kwenye kiti cha studio, akampiga picha moja, akaichapa na kuitundika ukutani sebuleni.

Na kila mwezi, kwa mwaka mzima na ushei, picha ilikuja na kasoro ileile. Jicho la kulia lilitoka sawasawa. La kushoto lilitoka na doa jeupe katikati, linang'aa kama jicho la paka aliyemulikwa tochi. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye hakushtuka, maana mwanga wa kamera aliuzoea kwa visa vyake: huyu unamtoa macho mekundu, yule unamwashia miwani. Basi alisonya, akaulaani mwanga wa kamera, akalinakili jicho la kulia, akaligeuza na kulipachika kushoto. Dakika mbili, kazi kwisha. Mtoto akatoka na macho mawili mazuri, na kila aliyeingia sebuleni akasifu.

Aliyeliona doa bila kamera ni mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyeweza kujua kwa sikio tu kwamba kati ya watoto thelathini kuna mmoja ametoka nje. Jumapili moja mchana alikuwa anamvua Mheshimiwa viatu sebuleni, mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua. Mtoto akageuza kichwa, na ndani ya jicho la kushoto pakang'aa. Mama mtu hakupiga kelele. Alimgeuza tena kichwa, akaliona tena, na Jumatatu asubuhi walikuwa foleni kwenye kliniki ya macho.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani mikubwa, sura ya mtu aliyemaliza shule juzi. Mheshimiwa alimpima juu hadi chini, akamuuliza, "Mwalimu wako yuko wapi?" Vipimo vilichukua siku mbili, na siku ya pili mtoto alilazwa usingizi wa dawa, maana akiwa macho hakukubali kuguswa. Siku ya tatu wazazi wote wawili waliitwa.

"Ni saratani," daktari alisema. "Iko ndani ya jicho la kushoto peke yake, ndiyo inayong'aa hata kwenye picha. La kulia ni safi. Saratani hii ikiwa bado imefungiwa ndani ya jicho, tunalitoa jicho, na watoto wengi sana wanapona kabisa. Wanakua, wanawasumbua hadi mnazeeka. Ila ikitoka, ikaushika mshipa unaokwenda kwenye ubongo, hapo siwaahidi kitu. Naombeni saini zenu wiki hii."

"Kulitoa?" Cheka Kidogo aliuliza. "Jicho?"

"Jicho."

"Daktari, mimi naishi kwa macho ya watu. Jicho zima nikiliona nalijua." Akainuka, akambeba binti yake, akatoka.

Mkewe alikuwa ameshashika kalamu. Daktari alimwambia taratibu kwamba saini ya mzazi mmoja inatosha. Akaitazama ile karatasi, akaweka kalamu chini. "Huyu akikua ataniuliza," alisema. "Nataka tumjibu wawili. Sitaki mmoja ajibu na mwingine awe anamnong'oneza pembeni. Nipe siku chache, nitamleta baba yake."

Kikao cha ukoo kilikaa Jumamosi. Penye wazee hapaharibiki neno, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kikao kimoja na Shangazi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Cheka Kidogo, muuza mapazia, na sauti yake ilipita kwenye mapazia yote aliyowahi kuuza.

"Mtoto wa kike!" alianza. "Jicho moja! Nani atamuoa?"

"Mimi naoa mwenyewe," Mheshimiwa alisema. Alikuwa amesimama juu ya kochi, ndiye mwenyekiti wa kikao.

Akafuata shemeji, kaka wa mke, kinyozi. Kinyozi ana habari zote za dunia, tatizo ni kwamba amezisikia akiwa na mashine inanguruma mkononi, kwa hiyo anapata nusu. "Mimi nimeambiwa na mteja, mtu mzima, suti na tai," alisema. "Wanayatoa hayo macho wanakwenda kuyauza. Jicho la mtoto lina soko."

"Kaka, jicho bovu?" dada yake akamuuliza. "Nani ananunua jicho bovu?"

Kinyozi akafikiri. "Wenyewe wanajua namna ya kulitengeneza."

"Kama wanajua kulitengeneza, kwa nini wanalitoa?"

Hapo kinyozi akaomba chai. Nafasi yake ikachukuliwa na jirani, ambaye hakualikwa, na ambaye alikuwa na chupa ya matone ya majani. Matone hayo, aliapa, yalimponya jicho mbuzi wake ndani ya siku tano.

"Mbuzi mwenyewe yuko wapi?" mama mtoto aliuliza.

"Alikufa," jirani alikiri. "Lakini kwa jambo lingine."

Watu walicheka hadi kinyozi akamwaga chai, na Mheshimiwa, aliyedhani wanamcheka yeye, aliwaamuru wote watoke sebuleni. Lakini baada ya kicheko hakuna aliyesema saini iwekwe. Cheka Kidogo naye akatoa hoja yake, na ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote, kwa sababu kila mtu aliiona kwa macho yake. Mtoto haumwi. Hana homa, anakula kama fundi ujenzi, anaruka makochi. "Mgonjwa wa saratani gani huyu?" aliuliza, na binti yake akamjibu kwa kumrukia mgongoni.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, basi. Hoja nyingine zote zilikuwa shuka za kufunikia hofu hiyo. Aliogopa kwamba atamkalisha mtoto wake kwenye kile kiti, ataangalia kwenye kamera, na neno lake la kila siku litamkwama kooni. Lakini mwanamume aliyezoea kurekebisha sura za watu hasemi mambo kama hayo mbele ya dada yake.

Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Kila asubuhi mkewe aliweka ile karatasi kando ya kikombe chake cha chai, na kila asubuhi yeye aliisogeza. Siku ya tisa mke aliacha kuongea naye ila kwa mambo ya lazima. "Chumvi." "Mlango." Sikio la kufa halisikii dawa, alimwambia siku ya kumi.

Siku ya kumi na moja Cheka Kidogo akapata wazo, akalifurahia kuliko mawazo yote aliyowahi kupata. Ushahidi! Alikuwa na ushahidi ukutani! Akazitungua picha zote za Mheshimiwa za mwaka ule na ushei, kumi na nne, akazipanga kwenye bahasha, akamwambia mkewe avae, twende kwa daktari tukamalize ubishi huu. Mke alivaa haraka, maana kwa daktari ndiko alikotaka kwenda.

Akazipanga picha juu ya meza ya daktari moja baada ya nyingine, kama mcheza karata mwenye mkono mzuri. "Daktari, hizi nimepiga mwenyewe, kila mwezi moja. Huyu ni Mheshimiwa, hili ni jicho la kushoto. Unasema ugonjwa huu unang'aa kwenye picha. Haya, doa liko wapi?"

Daktari alivua miwani, akaisafisha, akavaa tena. Akaangalia picha ya kwanza. Akaangalia ya saba na ya kumi na nne. Mheshimiwa, kwa wakati huo, alikuwa ameteka tochi ya daktari na anamulika pua za watu.

"Picha nzuri sana," daktari alisema. "Nina swali dogo. Mtoto wako ana kidoa cha kahawia kwenye jicho la kulia, pembeni ya mboni, kama punje ya chumvi. Nilikiona siku ya kwanza. Katika picha zako kidoa hicho kiko kwenye macho yote mawili."

Cheka Kidogo akaiokota picha iliyo karibu, akaisogeza machoni.

"Nani alizirekebisha?"

"Ni mwanga wa kamera tu, daktari," alisema. "Kila fundi anarekebisha. Mteja hataki... mtu hataki kutoka vile."

Mkewe aligeuka polepole. "Ulikuwa unaliona?"

"Niliona mwanga."

"Tangu lini?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Picha zilikuwa zimelala mezani, kumi na nne, kila moja na tarehe yake nyuma. Alikuwa ameficha doa kwa ustadi kiasi kwamba hata yeye mwenyewe alilisahau, akabeba kazi ya mikono yake akaja kuapia nayo. Mkewe alisimama. Alimpokonya Mheshimiwa tochi, akairudisha mezani.

Daktari hakumgombeza, na kwa Cheka Kidogo hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi sibishani na picha," alisema. "Nenda kacheze na mwanao. Ziba jicho la kushoto, mwulize anaona nini. Halafu ziba la kulia, mwulize tena. Kwangu hakubali. Nikimziba la kulia ananipiga teke, nina alama hapa gotini. Mchezo huo uchezwe leo, usiuache hadi kesho."

Akaenda moja kwa moja studio, Mheshimiwa begani, mke nyuma hatua kumi. Ilikuwa saa nane mchana. Akawasha taa zake zote tatu, akawasha na ya darini, akafungua pazia la dirisha. Palikuwa peupe kuliko nje. Na lazima lisemwe: bado alitaka kushinda. Alimkalisha binti yake kwenye kiti akiwa na matumaini kwamba jioni hiyo daktari atamwomba radhi.

Akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja. "Mheshimiwa, unaona nini?"

"Nakuona wewe. Nywele zako mbaya. Na mama kanuna."

"Vidole vingapi?"

"Vitatu. Vichafu."

Cheka Kidogo akacheka kwa sauti, akamtazama mkewe kama mtu aliyefunga bao. Kisha akasogeza kiganja kuelekea jicho la kulia, na teke likaja kama lilivyotabiriwa. Akambembeleza. Huu ni mchezo, mwanangu, mara moja tu. Mheshimiwa akakubali kwa sharti la kubebwa mabegani hadi nyumbani, bila kushushwa hata kwenye ngazi. Wakapeana mikono. Baba akaliziba jicho la kulia.

Mtoto alinyamaza. Yule asiyenyamaza hata usingizini alinyamaza kabisa, akaketi wima, mikono ameinyoosha mbele anapapasa hewa. Taa tatu zilikuwa zinamwakia usoni, za moto, baba mtu mwenyewe analowa jasho.

"Unaona nini, mama?"

"Baba," alisema, "umeme umekatika."

"Washa," aliamuru. Akasubiri. Halafu kwa sauti ndogo, sauti ambayo wazazi wake hawakuwahi kuisikia kwake: "Washa basi, baba. Nakuomba."

Akaondoa mkono kama aliyeungua. "Umerudi!" Mheshimiwa akapiga makofi, akashuka kitini, akaenda kuvuta nyaya kama kawaida yake.

Cheka Kidogo aliketi sakafuni. Siku kumi na moja nzima alikuwa amelipigania jicho ambalo halimwoni. Alilia pale chini bila kuficha uso, kisha akajikokota hadi kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta haikufuta kitu. Picha zote zilikuwemo kama zilivyotoka kwenye kamera. Akazifungua mbele ya mkewe moja moja, mwenyewe, bila kuulizwa. Doa la kwanza lilikuwa kama ncha ya sindano. La sita, kama punje ya mchele. La kumi na nne lilijaza mboni yote.

Mkewe alizitazama hadi ya mwisho. Kisha akachukua mkoba wake, uliojaa vitabu vya chekechea, akampiga nao begani, mara moja, kwa nguvu zake zote. Halafu akaweka paji la uso kwenye bega hilohilo, akalia naye.

"Kalamu unayo?" mume aliuliza.

"Ninazo nne," mwalimu alijibu. "Twende."

Wakakimbia. Mheshimiwa alikuwa mabegani, kwa mujibu wa mkataba, ameshika masikio ya baba yake kama usukani, anapiga kelele, "Pisha! Pisha! Mimi napita!" na watu wakapisha. Walimkuta daktari anafunga mlango na ufunguo uko kitasani. Wakasaini kwa kuegemea ukuta, wote wawili, na baba mtu alikuwa na haraka hivi kwamba saini yake ikatoka kama ya mtu mwingine, ikabidi arudie.

Asubuhi ya upasuaji Shangazi alitokea hospitali na begi kubwa, akasimama mlangoni kwa miguu yote miwili. Haingii mtu, alisema. Mtoto wa ndugu yake hatakatwa yeye akiwa hai. Cheka Kidogo hakuwahi kumpinga dada yake tangu azaliwe. Akapiga moyo konde.

"Dada, nakuheshimu," alisema. "Lakini kwanza huyu aishi. Akishaishi ndipo awakatae hao wachumba wako mmoja mmoja."

Shangazi akamtazama mtoto kwenye kitanda cha magurudumu, ambaye wakati huo alikuwa anamfundisha msukumaji namna ya kusukuma. Uso ukamlegea. Akaweka begi chini. "Haya," alisema. "Ila mimi nakaa hapa mlangoni. Wakitoka na jicho kwenda kuliuza, watanikuta." Na kweli alikaa saa tatu nzima, anakagua kila trei iliyopita, hadi muuguzi mmoja akalazimika kumfunulia sahani yake ya wali.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini jibu lenyewe lilikuwa bado. Jicho lilipelekwa maabara kuangalia kama ugonjwa umegusa mshipa. Kusubiri kulichukua siku kumi, na siku hizo Cheka Kidogo hakupiga picha hata moja. Alijua hesabu yake. Miezi kumi na nne ilikuwa ya ujinga, hiyo aliweza kujisamehe siku moja moja. Zile siku kumi na moja za ubishi hakuweza. Kama mshipa umeguswa ndani ya siku hizo, basi yeye ndiye aliyeufungulia mlango. Alimwambia mkewe hivyo, na mkewe hakumkatalia.

Siku ya kumi waliketi chumbani kwa daktari, Shangazi naye kajipenyeza. Daktari aliingia na karatasi, na kwa huruma yake hakukaa kwanza. "Mshipa ni safi," alisema akiwa bado mlangoni. "Pale tulipokata hakuna kitu. Hakuna kabisa."

Shangazi alitoa sauti iliyowaleta wauguzi watatu mbio kuuliza nani amezirai. Aliyekaribia kuzirai ni Cheka Kidogo. Alimkumbatia daktari, akamkumbatia muuguzi wa kwanza, akaanza kumkumbatia mgonjwa mzee aliyechungulia kuuliza foleni. Bandeji ilishaondolewa, kope ya kushoto imetulia, na jicho la kutengenezwa, linalofanana na la kulia hadi kidoa chake cha kahawia, lingekuja baada ya wiki kadhaa. Mheshimiwa hakuwa na haraka nalo. Alikuwa amepanda kiti cha daktari chenye magurudumu.

"Baba, nipige picha," aliamuru. "Mimi na huyu mtoto wa shule."

Daktari akasimama kando yake, anacheka. Cheka Kidogo akatoa kamera mkobani, kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, akaiinua, akafumba jicho moja.

"Baba," Mheshimiwa akasema, "na wewe lako wanalitoa lini?"

"Langu lipi?"

"La giza. Hilo unalolifumba."

Kamera ikashuka. "Hili? Hili halina giza, mwanangu."

"Linaona?"

"Linaona."

"Na hilo lingine?"

"Nalo linaona."

Mheshimiwa akamkazia jicho la kutomwamini. Muda wote huo, kumbe, alidhani ndivyo watu walivyoumbwa: jicho moja la kuonea na moja la giza, baba hivyo, mama hivyo, kila mtu hivyo, na ndiyo maana hakumwambia mtu. Baba mtu alielewa hilo akiwa amesimama na kamera mkononi, na moyo ukamuuma na kumchekesha kwa wakati mmoja. Mheshimiwa yeye aliona ni habari ya kutangazwa. Alisimama juu ya kile kiti, Shangazi akakidaka kisiteleze.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, njoo umwone baba! Anaona kwa macho mawili!"

Mkewe alikuwa dirishani anakunja sweta la mtoto. Tangu siku ya zile picha hakuwa amemtania mumewe hata kwa neno moja. Akamtazama.

"Siku hizi," alisema. "Siku hizi anaona, mwanangu."

Picha ya siku hiyo ilitoka imetikisika, maana mpigaji alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na wala hakuomba kurudia.